Jinsi ya kuanza kirumbizi bila kuvunjwa vidole

Kila Maulidi ikimalizika hapa Lamu, hawakosi vijana wawili watatu wa kuniomba niwafundishe kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo unaochezwa kwa ngoma, na wote huanza na swali moja: napigaje? Kupiga hata mtoto wa miaka minne anajua, muulize mama yake. Mchezaji hujulikana kwa kukinga, na kukinga huanzia masikioni. Kwa hiyo hapa utangoja kidogo kabla hujampiga mtu.

Hatua ya 1: Fimbo

Mimi napenda fimbo ya mti wa mtobwe. Ni mwepesi, hunepa bila kuvunjika, na ukigongwa hautoi vibanzi. Bakora ya babu yenye mpini wa kupinda nayo yafaa, ukipewa. Isimamishe kando ya mguu: ikifika kiunoni au ikizidi kidogo, basi. Ukipata fimbo mbichi, imenye, ikaushe kivulini (jua huipasua), kisha ipake mafuta ya nazi. Kabla ya kila zoezi ipitishe kiganjani taratibu. Ukihisi ufa, hiyo sasa ni ya kuangulia maembe. Fimbo yenye ufa hukatika katikati ya mchezo, na kipande hakichagui kimrukie nani.

Hatua ya 2: Miguu

Weka fimbo chini. Tafuta rekodi ya ngoma na zumari kwenye simu, uvue viatu, usimame mchangani. Magoti yalegee, mguu mmoja mbele, na uende kwa mdundo: mbele, nyuma, pembeni, zunguka. Fanya hivyo wiki nzima. Najua inachosha. Lakini kirumbizi ni ngoma kabla ya kuwa vita, na anayekupiga naye anaisikia ngoma ile ile. Ukishaizoea, utajua pigo lake litatua lini kabla hajainua mkono.

Hatua ya 3: Kushika

Mkono mmoja, vidole vyote vizunguke fimbo, kidole gumba kikiwa juu ya vingine. Usikilaze gumba kwenye mti. Mimi nilikilaza, nikiwa na miaka kumi na moja. Ukucha ukawa mweusi kama mpingo, na Ramadhani ile nilinywa uji kwa mkono wa kushoto huku bibi akinikemea.

Hatua ya 4: Kinga

Hapa ndipo pa kukaa miezi. Anza na kinga ya kichwa. Inua mkono juu kupita paji la uso, nje kidogo ya bega, halafu uache ncha ya fimbo iteremke upande wa pili, kama paa la makuti linavyoteremsha mvua. Mkono juu, ncha chini. Pigo likija litateleza kuelekea ncha na kwenda zake. Ukigeuza, ncha ikawa juu na mkono chini, litateleza kuja vidoleni. Karibu vidole vyote nilivyoona vimevimba viliponzwa na kosa hilo.

Kinga ya ubavu ni hiyo hiyo, ila mkono unashuka usawa wa kifua na fimbo inasimama wima, ncha ikitazama chini. Ya miguu usihangaike nayo: rudi nyuma hatua moja.

Mwenzako akupigie polepole, sehemu moja, mara ishirini, kisha abadilishe. Usiitazame fimbo yake. Mwalimu wangu alikuwa akitupigia kelele kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, "Mato! Mato!" Alitaka macho yetu yabaki kwenye bega la mwenzetu, maana bega hutangulia kusema.

Hatua ya 5: Pigo

Pigo linatoka kwenye kifundo cha mkono, si begani, na linalenga fimbo ya mwenzako. Akichelewa kukinga, lizuie kabla halijamgusa. Wamisri wana mchezo wao wa fimbo, tahtib, ulioingizwa na UNESCO mwaka 2016 kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na huko nako sifa ni kuimudu fimbo bila kumwumiza mtu. Ukitaka kupigana kwelikweli, nenda Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya wa jadi. Wenzetu kule hutwangana kwa mabua ya migomba, na wanajua wanachokifanya.

Hatua ya 6: Kuingia uwanjani

Usiingie siku ya kwanza. Simama kwenye duara, piga makofi, tazama nani ana hasira na nani anacheza. Siku yako ikifika, ingia ukicheza, zunguka mara moja watu wakuone, kisha muinulie fimbo unayemtaka. Mzee akikuinulia wewe, inamisha yako kwanza kwa heshima, halafu ukinge tu. Usimpige mpaka akuruhusu kwa kicheko.

Zumari litapanda, vigelegele vitakutia wazimu, na mkono utataka kwenda mbio. Hapo ndipo urudi nyuma hatua mbili na kuisikiliza ngoma upya. Ukichoka, mpe mkono mwenzako na umkabidhi anayefuata fimbo kwa upande wa mpini. Toka upesi, wapiga ngoma hawatakusubiri.