Jinsi ya kujifunza kompyuta kwa kutengeneza programu ya chesi

Kama unasoma kompyuta na unatafuta kazi moja itakayokufundisha mengi kwa mpigo, tengeneza programu ya kucheza chesi, ila usianze na akili yake, anza na sheria tu. Watafiti wameupenda huu mchezo toka zamani maana sheria ziko wazi, hakuna kinachofichwa na mwisho unajua nani kashinda, ndo maana Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, aliuandikia makala mwaka 1950, enzi kompyuta zenyewe za kuhesabika.

Kwanza andika sehemu inayotoa hatua zote halali, alafu ihesabishe. Mwanzo wa mchezo nyeupe ana hatua 20, yaani 16 za askari na 4 za farasi, nyeusi akijibu zinakuwa njia 400, hatua ya tatu 8,902, ya nne 197,281. Ikizidi au ikipungua hata moja kuna kosa mahali, rudi utafute. Mi hapa ndo napapenda kuliko kote, maana una jibu la kweli la kujipimia na huwezi kujidanganya eti mbona inacheza vizuri tu. Na angalia, ile hatua ya mfalme na ngome kusogea pamoja haitokei mpaka hatua ya 7, kwa hiyo namba zikikubali hadi ya nne bado hujamaliza, panga ubao wa katikati ya mchezo ujaribu tena.

Kompyuta ikilemewa punguza ubao. Kule maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1956 walicheza kwa ubao wa 6 kwa 6 bila maaskofu, kisa mashine ilikuwa ndogo.

Kisha ipe programu thamani ya kila kete: askari 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9. Programu iwaze hivi, nikienda hapa yeye atanijibu kwa lile linaloniumiza zaidi, na ikishaona jibu moja linaloiharibu hatua kuliko ile nzuri iliyokwisha pata, iache kuichunguza iende nyingine. Anza na hatua za kula kete, utakata matawi mengi sana, yaani njia ambazo haina haja ya kuzichunguza. Jaribu kwa kukata na bila kukata, alama za hatua bora lazima zilingane.

Ukitaka kuboresha badilisha kitu kimoja tu, toleo jipya na la zamani vicheze mechi mia kadhaa, nusu hili lianze na nyeupe nusu lile, ndo uamue.