Betri za flashi ya chini ya maji: usidanganywe na namba kubwa

Wapiga picha wenzangu wa chini ya maji, flashi zetu nyingi hutumia betri nne za AA. Nunua za kuchaji, aina ya NiMH zinazohifadhi chaji muda mrefu, kama za chapa ya Eneloop. Ya kawaida, ya takriban mAh 2000 (kipimo cha chaji inayobeba), mtengenezaji anasema inachajiwa hadi mara 2100; Pro, ya mAh 2500 hivi, mara 500 tu. Kwangu mimi ya kawaida inatosha kabisa, labda uwe unapiga mfululizo kwa nguvu zote.

Usiogope kuona volti 1.2 wakati alkalaini ina 1.5. NiMH inatoa umeme mwingi kwa mkupuo bila kulegea, kwa hiyo flashi inajaa upesi kati ya picha na picha. Kasa akikupita hapo Mafia hakusubiri! Lakini zile za lithiamu za volti 3.7 zenye umbo lilelile usizitie kamwe, zitaunguza flashi.

Jambo ambalo wengi hulipuuza: betri nne ziwe familia moja. Nilichanganya tatu mpya na moja kuukuu, flashi ikagoma katikati ya mbizi. Ile kuukuu iliisha mapema, ikazifanya zote zishindwe kazi. Sasa naziandika kwa kalamu ya wino usiofutika, A1 hadi A4, B1 hadi B4, nazichaji pamoja kwenye chaja inayopima kila betri peke yake. Zikitoka kwenye chaja na joto, ziache zipoe kwanza ndipo uzitie na kufunga kifuniko cha flashi.