Kuvunja namba kubwa bila kalkuleta: tuchukue 254254

Nafundisha tuition ya hesabu jioni huku Free Area, Nakuru, na kila muhula kuna mtoto ataona namba ya tarakimu sita aweke kalamu chini aniangalie. Sasa leo tuchukue 254, ile ya kuanzia namba za simu za Kenya, tuiandike mara mbili: 254254. Tunataka vigawo vyake vyote, yaani namba zinazoigawa bila kubaki kitu.

Hatua ya 1. Iangalie kwanza, usigawe chochote. Inaishia na 4, so 2 inaingia. Jumlisha tarakimu: 2+5+4+2+5+4 ni 22, haigawiki kwa 3, basi sahau 3, 6 na 9. Haiishii na 0 wala 5. Hapo hata dakika haijaisha.

Hatua ya 2, na hapa ndo utamu uko. Ukiandika namba ya tarakimu tatu mara mbili umeizidisha kwa 1001, kwa sababu 254254 ni 254000 ukiongeza 254, elfu moja za 254 na moja ya juu. Kwa hivyo kazi imebaki ndogo sana, vunja 254 kando na 1001 kando.

254 ni 2 × 127. Hiyo 127 ni namba tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na yenyewe, na kuhakikisha unajaribu 2, 3, 5, 7 na 11 peke yake kwa sababu 13 × 13 ni 169, tayari imepita. Chunga 7 hapo, 7 × 18 ni 126, inakaribia hivi mpaka mtu anaandika imeingia.

Sasa 1001. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza wa kufundisha nilijaribu 2, 3, 5, nikachoka nikaambia darasa zima hii ni tasa, kijana mmoja nyuma akasema polepole, mwalimu, si 11 mara 91? Nilifuta ubao na mkono. 91 nayo ni 7 × 13. Kwa 1001 ungetakiwa ujaribu namba tasa mpaka 31, si mpaka uchoke.

Hatua ya 3. Tumepata 2 × 7 × 11 × 13 × 127. Kila moja ya hizo tano unaichukua ama unaiacha, so vigawo ni 2×2×2×2×2, yaani 32, ukihesabu 1 na 254254 yenyewe.

Hatua ya 4 ni jumla ya vigawo vyote: ongeza 1 kwa kila namba tasa halafu zidisha, 3 × 8 × 12 × 14 × 128 = 516096. Toa 254254 inabaki 261842, yaani vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinaizidi yenyewe. Ukitaka zinazotoshana kabisa, ile 127 izidishe kwa 64 upate 8128, hiyo vigawo vyake vidogo vinarudi 8128 kamili, na Wagiriki wa kale walishaijua.

Zoezi: 722722, ile 722 ya laini za zamani. Njia ni ileile, ila 722 ni 2 × 19 × 19, na 19 sasa ina chaguo tatu, kuacha, kuchukua moja, kuchukua zote mbili. Jibu ni vigawo 48. Ukipata 64 umehesabu hizo 19 mbili kama namba tofauti.