Alama Isiyosogea: Mwongozo wa Kufuatilia Ufukwe kwa Kujitolea

Mchanga ulioukanyaga mwezi uliopita huenda leo uko chini ya maji, umejilundika kuwa fungu nje kidogo ya pale mawimbi yanapovunjika. Bahari ikitulia, mwingi wake utarudi. Ndiyo maana anayetaka kujua kama ufukwe unaliwa hawezi kutegemea kumbukumbu ya macho, wala kipimo kimoja, hata kikipimwa kwa uangalifu kiasi gani. Kinachotakiwa ni alama ileile, njia ileile na hali ileile ya maji, mwezi baada ya mwezi.

Kipande na alama zake

Watu wawili hadi wanne wanamudu kipande cha kilomita moja, au moja na nusu wakiwa wepesi. Kirefu zaidi ya hapo kinawakimbiza, na anayekimbia haandiki. Ndani yake chagua mistari mitatu ya kupimia mteremko, kisha tenga mita 100 za kuhesabia taka. Usiweke mstari karibu na mdomo wa mto. Mdomo huhama wenyewe, na ukihama unafunika kila badiliko lingine ulilotaka kuliona.

Kila mstari uwe na alama mbili nchi kavu, moja nyuma ya nyingine, zikiachana mita 10 au zaidi. Ya mbele ndiyo sifuri yako. Ya nyuma ni ya kukuelekeza: ukiwa ufukweni ukaona zimezibana, uko juu ya mstari, zikiachana, umepotoka. Kona ya msingi wa zege inafaa. Bomba la chuma lililojengewa zege linafaa, ila mwombe mwenye eneo ruhusa kwanza. Mti haufai hata kidogo: unakua, unainama, na ukingo ukimomonyoka ndio wa kwanza kuondoka. Pima pia umbali kutoka sifuri hadi vitu viwili vingine vya kudumu, ili siku bomba likipotea uweze kurudisha sehemu yake kwa futi kamba.

Simu itakusaidia kuitafuta alama, si kupima. Kosa la mita tatu hadi tano ni la kawaida kwa simu, na ukingo uliorudi nyuma nusu mita unamezwa wote ndani ya kosa hilo.

Siku na saa

Kupwa na kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukipima kila Jumamosi saa ileile ya asubuhi, wiki hii utakuta maji yamekauka mbali, wiki ijayo yako miguuni. Panga kwa mwezi, si kwa juma. Bamvua hufika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na hapo maji hupwa kuliko siku nyingine. Chagua bamvua moja ya kila mwezi, angalia jedwali la maji la eneo lako, kisha anza kazi saa moja na nusu kabla ya kilele cha kupwa. Hivyo unayafuata maji yakitoka badala ya kukimbizwa nayo yakiingia.

Ongeza zamu moja baada ya kila dhoruba, ndani ya siku mbili ikiwezekana. Bahari huanza kurudisha mchanga mapema, na ukichelewa wiki nzima utapima ufukwe ambao umeshaanza kupona.

Fimbo mbili na upeo wa macho

Njia hii ya kupima mteremko ilielezwa na mwanajiolojia wa bahari K. O. Emery mwaka 1961, na bado haijapata mshindani kwa urahisi wake. Unahitaji fimbo mbili za sentimita 150 zilizonyooka, na kamba isiyovutika ya mita 2 kati yake. Zichore kila sentimita kwa rangi isiyofutika, sifuri ikiwa juu na namba zikishuka. Chini ya kila fimbo funga kibao cha sentimita 10 kwa 10. Bila kibao, fimbo huzama kwenye mchanga laini, na haizami kiasi kilekile kila mara.

Mtu wa kwanza anashika fimbo ya bara kwenye alama ya sifuri. Wa pili anasogea kuelekea baharini mpaka kamba ikazike, ikiwa sambamba na usawa wa bahari. Ikilazwa juu ya mteremko mkali, umbali unapungua bila ninyi kujua. Fimbo zote zisimame wima, na pimamaji dogo lililofungwa ubavuni linamaliza ubishi huo. Mtu wa bara sasa analeta jicho kwenye fimbo yake na kutafuta pale ambapo ncha ya fimbo ya bahari inagusana na upeo wa macho. Namba iliyo mbele ya jicho ndiyo mchanga ulivyoshuka, na inaandikwa kwa alama ya kutoa. Ikiwa ufukwe umepanda, ncha ya fimbo ya bahari itakuwa juu ya upeo. Hapo jicho linawekwa kwenye ncha ya fimbo ya bara, namba inasomwa kwenye fimbo ya bahari, na inaandikwa kwa alama ya kujumlisha. Kisha fimbo ya bara inahamia palepale ilipokuwa ya bahari, na kazi inaendelea hadi majini, magotini, si zaidi.

Kabla ya yote hayo pima kutoka kichwa cha bomba hadi mchanga ulio chini yake. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na ikisahauliwa mstari mzima unaelea, kwa sababu mchanga wa miguuni pa bomba nao hupanda na kushuka. Tuseme leo ni sentimita 31. Hatua nne za kwanza zimetoa −6, −14, +3 na −22. Ukijumlisha unapata −39, yaani mita 8 kutoka kwenye bomba mchanga uko sentimita 39 chini ya pale ulipoanzia, na sentimita 70 chini ya kichwa cha bomba. Namba ya mwisho ndiyo ya kulinganisha na mwezi mwingine.

Ukungu ukiziba upeo, acheni; mstari wa kukisia haufai kuchorwa. Wengine huuliza kuhusu mviringo wa dunia, kwamba upeo uko chini kidogo ya usawa wa jicho. Ni kweli, lakini kwa hatua ya mita 2 kosa ni kama milimita moja au mbili, tena linaelekea upande mmoja kila mara, kwa hiyo katika kulinganisha karibu lote linajifuta. Fimbo iliyoinama kidogo inaharibu zaidi ya hapo.

Mkichora mistari ya miezi miwili kwenye karatasi moja ya mraba, nafasi kati yake ndiyo mchanga ulioondoka au uliokuja. Ufukwe ukishuka wastani wa sentimita 20 katika upana wa mita 30, zimeondoka mita za ujazo 6 kwa kila mita ya urefu wa pwani. Msikimbilie kuzidisha kwa kilomita nzima kama mistari mitatu haisemi jambo moja: mara nyingi upande mmoja unapoteza na mwingine unapokea. Pia linganisheni Machi na Machi. Msimu wa mawimbi makali hupunguza ufukwe na msimu wa utulivu huujaza, kwa hiyo Januari dhidi ya Julai inaonyesha msimu tu.

Mawimbi na mkondo

Hapa dakika kumi zinatosha. Chagua kitu kisichosogea majini, kama mwamba au boya. Wimbi la kwanza likipita anza saa, la kumi na moja likipita simamisha, gawanya kwa kumi upate kipindi, yaani muda kati ya wimbi na wimbi. Wengi husimamisha kwenye la kumi, wakagawanya kwa kumi vipindi tisa. Kimo cha mawimbi kadirieni kwa nusu mita, na mkadiriaji awe mmoja mwaka mzima, maana kila jicho lina kosa lake.

Kwa mkondo unaokwenda sambamba na pwani, tupa chungwa zima kwenye maji yanayovunjika. Linaelea karibu lote likiwa limezama, kwa hiyo upepo haulisukumi kama chupa tupu, na rangi yake haipotei kwenye povu. Usilimenye: ganda ndilo lenye hewa. Weka alama mchangani mkabala nalo, subiri sekunde 60, weka nyingine. Mita 18 ni sawa na mita 0.3 kwa sekunde. Rudia mara tatu na uandike umelekea upande gani.

Picha

Piga kutoka sehemu moja, urefu mmoja, bila kuvuta picha karibu, na kitu kisichosogea kikiwemo pembeni mwa fremu. Mwaka 2017 mradi wa CoastSnap ulianza nchini Australia kwa kufunga vishikio vya simu vya chuma ufukweni, ili kila mpita njia apige picha ya upande uleule. Nanyi mnaweza kutumia ubao wenye mfuo kwenye nguzo. Picha ya kujaa na ya kupwa hazilinganishwi.

Taka na mizoga

Kwenye mita 100 zenu tembeeni mkiwa mmeachana mita 2, kutoka maji yalipo hadi majani yanapoanzia, mkihesabu kila kitu kinachozidi sentimita 2.5. Amueni mapema: mnahesabu na kuacha, au mnahesabu na kuokota? Kuacha kunaonyesha kilichopo. Kuokota kunaonyesha kilichokuja tangu mara ya mwisho. Ukichanganya, namba hazina maana tena. Chupa iliyovunjika vipande vinavyoonekana vya pamoja ni moja. Mkisikia kuna watu waliosafisha hapo jana, andikeni.

Ndege mfu apigwe picha akiwa na rula kando, kisha afungwe uzi wa rangi kwenye bawa ili mwezi ujao asihesabiwe upya. Vaa glovu. Mnyama aliye hai asisukumwe majini: sili hutoka kupumzika, na pomboo aliyesukumwa mara nyingi hukwama tena. Kaeni mbali, zuieni mbwa, pigeni namba ya mamlaka ya eneo mliyoihifadhi kabla ya kuondoka nyumbani. Mapipa yaliyofungwa na fataki za meli ni vya kuripoti, si vya kushika.

Na anayepima asiipe bahari mgongo. Gogo kubwa lililolala mchangani linaonekana haliwezi kusogea, lakini maji ya kifundo cha mguu yanatosha kuliviringisha.

Daftari

Tumia penseli, wino huyeyuka. Tarehe iandikwe 2025-03-14, na saa kwa mtindo wa 07:30, kwa sababu "saa 1:30" mmoja ataisoma asubuhi na kompyuta itaisoma usiku wa manane uliopita. Sifuri iandikwe sifuri. Nafasi tupu haisemi kama hamkuona taka au hamkuangalia. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili la chini lisomeke, lisifutwe.

Kabla ya kuondoka rudieni mstari mmoja, watu wakibadilishana fimbo. Namba za mwisho zikitofautiana sentimita chache, mko sawa. Zikitofautiana 15, kagueni vibao, pimeni kamba kwa futi, angalieni kama pimamaji limelegea, kisha pimeni tena wakati maji bado yako nje.