Picha ya rangi moja isitazamane na dirisha

Kama una picha nyeupe tupu, ile ya matuta ya jipsamu isiyo na sura ya kitu, itundike kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha. Mwanga ukiipiga usoni, vivuli vyote vinakufa na unabaki na ubao mweupe tu. Kwa sisi wa Mwanza mfano uko karibu: litazame Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani, jua likiwa mgongoni mwako, halafu lirudie jua likiwa ubavuni. Jiwe ni lile lile, ila sasa kila ufa una kivuli chake.

Unatengeneza mwenyewe? Unga wa jipsamu changanya kidogo kidogo na maji na gundi nyeupe ya seremala, maana unashika haraka. Paka kwenye plaiwudi nene. Usitumie kitambaa cha turubai: kikilegea, jipsamu inapasuka. Chora kwa kitana au uma. Ikiwa bado mbichi, zima taa, weka tochi ya simu pembeni kabisa mwa ubao, utaona tuta lipi limezidi.

Malizia kwa rangi ya maji isiyong'aa. Yangu ya kwanza niliipaka ya mafuta, ikameremeta kama mlango wa choo. Nyeusi ndiyo huvumilia mng'ao: mchoraji Mfaransa Pierre Soulages, kuanzia 1979, alipaka turubai nyeusi tupu akitegemea mwanga unaodunda kwenye mistari ya rangi.

Vumbi litoe kwa brashi laini kavu, si kitambaa chenye maji.