SOMO: Kabla hujahamia nje, linganisha salio, siyo mshahara

Wakuu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimepata kazi nje, mshahara ni mara tatu ya huu nilionao, niende nisiende?" Sina jibu, na wewe mwenyewe huna, kwa sababu mshahara ukiutazama peke yake hausemi kitu. Kinachosema ni pesa inayobaki tarehe 30, na jinsi siku zako zilivyokwenda hadi ukaifikia tarehe hiyo. Fungua jedwali kwenye simu au kompyuta, weka safu mbili: HAPA na KULE. Twende.

Hatua ya 1: Jijue kwanza

Usianze na mji unaokwenda, anza na wewe. Chukua taarifa za benki na jumbe za miamala za miezi 3 iliyopita, upange: pango, chakula, usafiri, bili, simu na intaneti, afya, ada, pesa unazowatumia ndugu, starehe. Usiandike unachodhani unatumia, andika kilichotoka. Mimi nilipofanya hivi mara ya kwanza nilikuta mstari wa "mengineyo" umeupita mstari wa usafiri, na sikuwa na habari.

Hilo ndilo kapu lako. Tovuti za kulinganisha miji nazo zina kapu lao, ila ni la mtu wa wastani, na mtu huyo hajawahi kuzaliwa.

Hatua ya 2: Shusha mshahara mpaka mkononi

Barua ya ajira huandika mshahara kabla ya makato, mara nyingi wa mwaka mzima. Tafuta kikokotoo cha mamlaka ya kodi ya nchi husika, ujaze hali yako halisi. Ujerumani, kwa mfano, hukata kodi, pensheni, bima ya afya, bima ya ukosefu wa ajira na bima ya matunzo (ya kuhudumiwa ukishindwa kujihudumia), na daraja la kodi hutegemea kama umeoa au umeolewa. Wawili wenye mshahara uleule huondoka na pesa tofauti. Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, lakini wageni wengi kule husomesha watoto shule za kulipia. Ulichookoa kwenye kodi kinaweza kuishia kwenye ada.

Hatua ya 3: Pango, na hapa tukae kidogo

Hapa ndipo watu wengi huumia, nami niliumia. Nilipokuwa najipanga kwenda Australia niliona nyumba nzuri, bei inalipika. Kule pango hutangazwa kwa wiki. Nikazidisha kwa 4, nikapata pango la mwezi, nikafurahi. Mwaka una wiki 52, si 48. Nilikuwa nimesahau pango la wiki 4 nzima. Hesabu sahihi ni pango la wiki mara 52, kisha ugawe kwa 12.

Jiulize pia tangazo limejumuisha nini. Ujerumani kuna pango "baridi" na pango "la moto": la kwanza ni nyumba tupu, la pili limeongezwa gharama za uendeshaji kama joto na maji, na umeme kwa kawaida bado unalipa mwenyewe. Nyumba nyingi huko hukabidhiwa bila hata makabati ya jiko. Uingereza kuna kodi ya halmashauri, ambayo mara nyingi haimo kwenye pango.

Halafu amana, yaani pesa ya dhamana anayoishika mwenye nyumba. Ujerumani sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai hadi pango baridi la miezi 3. England, kwa nyumba nyingi, mwisho ni wiki 5. Jumlisha amana, pango la mwezi wa kwanza, malazi ya muda wakati unatafuta nyumba, na vyombo vya kuanzia. Jumla hiyo iandike kando, isiingie kwenye bajeti ya mwezi. Ni gharama ya kutua, na inakuja kabla ya mshahara wa kwanza.

Hatua ya 4: Usibadilishe kila kitu kwa bei ya benki

Pesa utakayoila kulekule haivuki mpaka, kwa hiyo ukiibadilisha kwa pesa ya nyumbani unajidanganya: mshahara unaonekana mlima, na kila bei dukani inakutisha. Ndiyo maana Benki ya Dunia huchapisha viwango vya uwezo wa kununua, vinavyotazama pesa inanunua nini mahali ilipo. Bei ya benki itumie kwa pesa itakayovuka kweli: ya ndugu, mkopo ulioacha nyumbani, akiba ya kurudi nayo.

Tazama mfano. HAPA unashika 100, unatumia 80, unabaki na 20. KULE, kwa pesa ileile ili tu tulinganishe salio, unashika 260. Pango 110, chakula 45, bili na bima 30, usafiri 15, simu na intaneti 10, malezi ya mtoto 35. Jumla 245. Mshahara umepanda mara 2.6, salio limeshuka hadi 15. Sasa mwondoe mtoto kwenye hesabu: unabaki na 50. Mji ni mmoja, majibu mawili.

Hatua ya 5: Soma orodha za miji kwa jicho kali

Numbeo, tovuti ya kulinganisha bei za miji iliyoanza mwaka 2009, hutegemea takwimu zinazojazwa na watumiaji wake. New York imepewa 100, hivyo mji wenye 70 una bei za chini kwa takriban 30%. Lakini angalia: faharisi yake kuu (namba hiyo ya kulinganisha) ya gharama za maisha haina pango, pango lina faharisi yake. Tazama pia ni watu wangapi wamejaza na lini. Mercer, kampuni ya ushauri wa masuala ya ajira, hulinganisha zaidi ya bidhaa na huduma 200, ila mlengwa wake ni kampuni zinazohamisha wafanyakazi, si mtu anayehama kwa nauli yake.

Orodha ya miji bora kuishi ya Economist Intelligence Unit, kitengo cha utafiti cha kundi la jarida la The Economist, huipa alama miji kwa utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu, na miundombinu. Vienna iliongoza 2022, 2023 na 2024. Gharama ya maisha haimo kwenye alama hizo hata kidogo. Watu huichukua orodha hii wakidhani inawaambia watamudu wapi.

Hatua ya 6: Ubora wa maisha, uupe mistari yake

Andika saa, si maneno. Safari ya kazini ya dakika 45 kwenda na 45 kurudi, ukiilinganisha na ya dakika 20 kwenda na 20 kurudi, inakula dakika 50 zaidi kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni zaidi ya saa 18 kwa mwezi. Likizo nayo: Umoja wa Ulaya unataka angalau wiki 4 za kulipwa kwa mwaka, Marekani sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja. Hewa: Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza chembe ndogo za PM2.5 zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Mwenye mtoto wa pumu aanze hapo.

Na mwenza wako je, viza inamruhusu kufanya kazi? Cheti chake kitatambuliwa? Mstari huu mmoja unaweza kupindua jedwali zima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nitangulie peke yangu, familia ifuate baada ya mwaka. Si nitaokoa?

Jibu: Inawezekana, lakini mwaka huo utaendesha nyumba mbili. Weka safu ya tatu: HAPA bila mimi, pamoja na KULE peke yangu. Ongeza nauli ya kurudi kuwaona angalau mara moja. Soma pia masharti ya viza ya kuunganisha familia, maana nchi nyingi huweka kiwango cha chini cha kipato au ukubwa wa nyumba.

Swali: Akiba ya kuanzia iwe kiasi gani?

Jibu: Gharama ya kutua ya hatua ya 3, pamoja na matumizi ya miezi 3 ya KULE, pamoja na nauli ya kurudi ambayo huigusi. Hiyo ni kanuni yangu mwenyewe, si ya serikali yoyote. Kiasi kinachotakiwa na ubalozi ni kitu kingine, na mara nyingi ni cha mtu anayejibana.

Swali: Samahani dada, wewe unatukatisha tamaa tu. Wazee wetu walihama bila jedwali na wakafika.

Jibu: Walifika, kweli. Wengine wao walikuwa na ndugu wa kuwapokea mwaka mzima bila kuwadai pango. Kama unaye mtu wa hivyo, futa mstari wa pango na uende. Sikatai.

Swali: Nimejaza kama ulivyofundisha. Mke na watoto wawili. KULE nabaki na 31, HAPA nabaki na 18. Mkataba una bima ya afya, kwa hiyo afya nimeweka sifuri. Naona niende.

Jibu: Kaka, hongera kwa kujaza. Hiyo sifuri inanipa wasiwasi. Fungua mkataba, soma palipoandikwa bima, uniambie ni ya nani.

Swali: Nimerudi. Imeandikwa "mfanyakazi". Mke na watoto hawamo. Nimeuliza bei ya kuwaongeza, salio limebaki 4.

Jibu: Umesaini?

Swali: Bado. Wananipa hadi Ijumaa.

Jibu: Basi waandikie leo, si Alhamisi. Omba bima ya wategemezi ama nyongeza ya kiasi hichohicho, na majibu yawe kwa maandishi. Wakikubali, rekebisha jedwali uniletee tena.