Namna ya Kutumia Seli za Mgonjwa Kuchunguza Chanzo cha Uziwi

Koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, imefichwa ndani ya mfupa mgumu, na seli zake zenye vinyweleo, ambazo ni takriban 15,000 katika kila sikio la binadamu, hazioti tena zikishakufa. Kwa hiyo kumkata mtu aliye hai kipande cha koklea ni kumharibia usikivu wake. Ndiyo maana watafiti huchukua seli za damu au za ngozi, wakazirudisha katika hali ya seli shina (seli zinazoweza kukua kuwa seli za aina nyingine) kwa mbinu ambayo watafiti wa Japani Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi waliionyesha kwa panya mwaka 2006, kisha wakazielekeza zikue kuwa seli za sikio la ndani.

Kabla ya kuchukua sampuli, chagua swali ambalo seli zinaweza kulijibu. Uziwi wa uzeeni una vyanzo vingi mno. Ni afadhali kuanza na familia ambayo badiliko lake la jeni limekwisha kutambuliwa. Jiulize pia kama kweli unahitaji seli za sikio. Badiliko la A1555G katika DNA ya mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza nishati), linalomweka mtu katika hatari ya kuziwika akitibiwa kwa antibiotiki za jamii ya gentamisini, limo hata katika seli za ngozi, na maswali mengi ya awali yanaweza kujibiwa humo bila gharama kubwa.

Mgonjwa aeleweshwe, kabla ya kutia sahihi ya ridhaa, kwamba seli zake zitaishi maabara kwa miaka na kwamba DNA yake inaweza kufichua habari za ndugu zake. Seli shina zikipatikana, tenga angalau koo tatu (kila ukoo ukiwa kundi lililotokana na seli moja) kwa kila mtu, kagua kromosomu zake na uhakikishe kwamba badiliko bado lipo.

Hatua inayopuuzwa mno ni ulinganishi. Seli za mtu mwingine mwenye usikivu mzuri hazitoshi, kwa kuwa watu wawili hutofautiana katika mamilioni ya sehemu za DNA. Sahihisha badiliko hilo moja kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri DNA, katika seli za mgonjwa mwenyewe, upate jozi inayotofautiana hapo tu. (A1555G haisahihishwi hivyo, kwa sababu CRISPR ya kawaida haiingii katika mitokondria.)

Kuziotesha seli shina ziwe seli za sikio kunahitaji subira. Kwa njia ya watafiti Karl Koehler na Eri Hashino, iliyochapishwa kwa seli za binadamu mwaka 2017, madonge madogo ya seli hupewa protini za BMP4 na FGF2 zinazoelekeza ukuaji, na kemikali ya CHIR99021 kwa zamu, na seli zenye vinyweleo huonekana baada ya takriban miezi miwili. Zipime kwa protini ya MYO7A, ambayo ni alama ya seli zenye vinyweleo, lakini ukumbuke kwamba nyingi hufanana zaidi na seli za kiungo cha usawa wa mwili kuliko za koklea.

Anayehesabu seli asijue zipi ni za mgonjwa. Watafiti wa Japani waliochunguza ugonjwa wa Pendred, ugonjwa wa kurithi unaoleta uziwi, waliona protini ya pendrini ikirundikana ndani ya seli, na seli hizo zikidhoofika upesi zilipotiwa msongo. Ukipata tofauti kama hiyo, igeuze: litie badiliko lilelile katika seli za mtu mwenye afya, kisha utazame kama kasoro itatokea.